Usukani Umetulia, Kiti Kinatetemeka

"Ukiliongeza upepo tena, hilo gari litaruka badala ya kutembea."

Mwalimu aligeuka, mpira wa pampu ungali mkononi. Kituo cha mafuta kilikuwa kimefurika adhuhuri ile, honi zikijibizana. Aliyemsemesha alikuwa msichana mwenye ovaroli ya buluu, mikono ya ovaroli ameifunga kiunoni, kitambaa cha manjano kichwani, galoni ya oili kwapani.

"Linatetemeka, dada. Nikifika kilomita tisini tu linaanza. Nimebalansi magurudumu mara tatu."

"Linakutetemesha mikono au makalio?"

Mtu mmoja kwenye foleni aliangua kicheko. Mwalimu, ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka kama bahasha, alikohoa.

"Si mikono."

"Basi umemng'oa jino mtu anayeumwa goti, tena mara tatu. Mimi ni fundi. Nipe ufunguo."

Naye, aliyewanyima ufunguo huo hata wadogo zake, akautoa.

Kwenye barabara kuu Fundi alikanyaga mafuta mpaka mia. Viti vikaanza kutetemeka.

"Gusa usukani. Umetulia, sivyo? Basi si magurudumu ya mbele. Sasa sikiliza." Akaondoa gia kasi ikiwa ileile. Mngurumo wa injini ulishuka, mtetemo ukaendelea palepale chini yao. "Na si injini. Kuna kitu kinazunguka chini yetu kuelekea nyuma. Lilete gereji nilale chini yake nitazame. Wewe unafundisha nini?"

"Hesabu. Shule mbili, miji miwili."

"Ndiyo maana unarudia swali lilelile ukitarajia jibu jipya."

Mwalimu hakulileta upesi. Aliendesha polepole, na kila jioni akapiga simu kubuni ugonjwa mpya.

"Fundi, leo kuna mlio."

"Mlio gani?"

"Kama wa mtu anayetaka kualikwa chai."

"Huo sijaufundishwa chuoni, mpenzi."

Neno lilikwisha kumtoka. Wote wawili walibaki na simu masikioni, wakisikilizana pumzi.

Miezi miwili baadaye Mwalimu alisema kaka yake angepeleka posa. Wiki hiyohiyo gari likapandishwa jeki hatimaye. Fundi alilala chini yake na tochi, akatoka uso umebadilika.

"Nani aliishusha propela hii, chuma hiki kirefu kinachozungusha magurudumu ya nyuma?"

"Kaka, alipobadilisha klachi. Kwani?"

"Ina vipande viwili vinavyochomekana kwa meno. Kabla ya kuvichomoa unaweka alama, ili kila jino lirudi lilikotoka. Yeye hakuweka. Ncha ya mbele inavuta huku, ya nyuma inavuta kule. Ukienda polepole hujui. Ukikimbia, zinagombana."

Kaka yake Mwalimu ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki, na ufundi ulikuwa kazi yake kwa miaka ishirini. Mwalimu alimfikishia habari kwa nia njema. Kaka akawaka: msichana aje aombe radhi mbele ya ukoo, la sivyo posa haiendi. Na gari asiliguse!

"Mpenzi, sema tu samahani," Mwalimu alibembeleza kwenye simu. "Neno moja, tuoane. Ukweli wako ubaki moyoni."

"Uozee huko?"

"Kaka ni baba kwangu."

"Nami nitamsalimu kama baba. Ila propela haina shemeji."

"Kwa hiyo uko radhi tuachane kwa ajili ya chuma?"

"Siwi mke wa kuombwa uongo kabla hata hajaolewa."

Akakata simu. Shangazi yake, mwenye gereji, alikuwa amesikia yote.

"Mwanangu, wanaume wa mashati safi hawaokotwi barabarani."

"Nitafua la kwangu, shangazi."

Akarudi chini ya lori, akalia huko huku akifungua nati, na zote zikafunguka.

Siku tisa zilipita bila simu. Siku ya kumi, Jumamosi asubuhi, Mwalimu alimketisha kaka yake kiti cha nyuma, akaendesha kwa kasi ya kilomita mia na kumi kwa saa. Kaka akatetemeka mpaka kofia ikamshuka machoni.

"Magurudumu hayo," alisema.

"Usukani umetulia, Kaka. Nyoosha mkono uuguse."

Kaka aliugusa. Mwalimu akanyoosha moja kwa moja hadi gereji ya shangazi yake Fundi.

"Nionyeshe," alimwambia Fundi.

"Shikamoo, Kaka. Lala hapa, usijichafue mgongo."

Walilala bega kwa bega chini ya gari. Fundi akaichomoa propela, akaizungusha, akayalinganisha meno, akaichomeka. Kisha wakatoka barabarani wote watatu. Tisini. Mia. Mia na kumi. Viti vimetulia tuli.

Waliporudi, Kaka alisema bila kumtazama mtu: "Chaki ilikuwa mfukoni siku ile. Nilijiona nimekwisha kuwa bingwa wa kutohitaji alama. Jumapili naleta posa."

"Ahsante, Kaka. Lakini wewe hukunikosea," alisema Fundi. "Wewe ulisahau. Huyu hapa alijua nasema kweli, akaniomba niseme uongo. Posa yake siipokei."

Mafundi wote waliacha spana. Mwalimu alipiga magoti.

"Hapo pana oili," Fundi alimwonya.

"Nimeiona." Suruali yake nyeupe ilikuwa imekwisha kuinywa. "Nilikaa kwenye kile kiti, nikatetemeka pamoja nawe, nikajua. Bado nikataka uongope, kwa sababu niliogopa kununiwa nyumbani kuliko nilivyoogopa kukupoteza. Niliogopa vibaya. Nisamehe."

Fundi alifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Na siku nitakayosema mama yako amekosea?"

"Nitakuuliza umepimaje."

"Na nikipima nikakuta mkosaji ni mimi?"

"Utasema mwenyewe. Nakujua."

Alijaribu kuzuia tabasamu, likamshinda.

"Jumapili saa nne," alisema, akimvuta mkono ainuke. "Msipofika, saa tano nakuja kwenu kukuposa mimi."