Kikombe Nyuma ya Mlango

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alikunja magodoro, akafagia chumba, kisha akamnawisha uso mdogo wake. Jina la Chiriku alipewa na baba yake kwa sababu ya mdomo wake. Akianza kusema, hata redio inaona aibu. Baba alikuwa fundi rangi. Makopo, brashi na mafuta ya taa ya kuzisafishia vilikaa humohumo ndani, na ile harufu walishaizoea, hawaisikii tena. Wageni ndio waliokunja pua.

Lakini Jumamosi hiyo walikuwa wanakwenda mandari, wakale chini ya miti bustanini kama watu wengine. Safari hiyo ilikuwa imeshavunjika zaidi ya mara moja kwa sababu ya kazi za baba. Sasa mayai yalikuwa yamechemshwa, mkate umekatwa, na juisi ya machungwa imejaa sufuria.

"Chiriku, nitafutie chupa ya juisi, haraka!" mama aliita kutoka jikoni. "Na umwangalie Bonge!"

Bonge, mtoto wa miaka miwili, alikuwa ameng'ang'ania kofia yake tangu alipoamka, akizunguka nyumba nzima: "Tunaenda! Tunaenda!"

Chupa yenye kifuniko ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa na mafuta ya taa kidogo chini. Chiriku aliyamimina kwenye kikombe, akakiweka nyuma ya mlango, akatoka nje kuisugua chupa kwa sabuni. Alijiambia ni dakika moja tu.

Aliporudi, kikombe kilikuwa kimepinduka. Bonge alikuwa anakohoa, macho yamemtoka, kamasi zinamchuruzika.

Mama alikuja mbio akamnyakua. "Mwanangu! Chiriku, amekula nini huyu?"

"Sijui, mama."

"Hujui nini? Si nilikwambia umwangalie?"

"Sijui." Alikisukuma kikombe kwa mguu mpaka chini ya kabati.

Jirani yao, fundi cherehani, aliingia na futi yake shingoni. "Ni yai hilo, limemkwama! Mpige mgongoni!"

Mama alimpiga mgongoni, hakikutoka kitu. Kikohozi kilizidi, kifua kikaanza kubonyea kila anapovuta pumzi. Baba alimbeba, wakakimbilia hospitali, chakula wakakiacha mezani bila hata kukifunika.

Kwenye benchi la hospitali, Bonge alilegea mikononi mwa mama, midomo ikimbadilika rangi. Ile harufu ilikuwa kwenye nguo zao wote; nani angeishangaa? Fundi cherehani alifika nyuma yao akihema, na kikombe cha maziwa mkononi.

"Mnyweshe haya, kisha mtie kidole kooni atapike. Akitapika tu, kwisha!"

Mama akakipokea, akamfungua mtoto mdomo. Chiriku alimwona mdogo wake akigeuza macho, yakabaki meupe.

"Mama, ni mafuta ya taa!" alipiga kelele. "Niliyaweka kwenye kikombe! Ameyanywa!"

Mlango ukafunguka, daktari akatoka. "Weka maziwa chini! Msimtapishe! Mafuta ya taa yakirudi juu yanaingia mapafuni, tutampoteza. Mlete huku!"

Mlango ukafungwa. Baba aliketi akikwangua rangi kwenye kucha zake, ingawa zilishakuwa safi. Jioni daktari alitoka akasema mafuta yamekwisha kuingia mapafuni kidogo, tena homa imepanda, na yeye hana la kuahidi.

"Nimemuua," Chiriku alinong'ona.

Baba alizidi kukwangua kucha. Mama hakumtazama.

Siku ziliburutika. Homa ilishuka, ikapanda, ikashuka tena, mpaka asubuhi moja Bonge akaomba maji. Alirudi nyumbani amebaki mifupa, na kikohozi juu yake. Mayai yalikuwa yameoza, juisi imechacha, mama akamwaga vyote. Mandari haikutajwa tena.

Baada ya kumlaza Bonge, mama alimwita Chiriku uani.

"Nilipokuwa nampiga mgongoni, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama. Niliogopa utanichapa."

"Ningekuchapa, sikudanganyi. Ungelia, yangekwisha siku hiyohiyo. Lakini huyu angekufa mikononi mwangu kwa maziwa yale, na wewe ungekaa na siri hiyo mpaka uzeeni. Ukikosea, sema palepale, hata kama nimeshika fimbo. Na sumu haiwekwi kwenye kikombe wala chupa ya kunywea, hata kwa dakika moja. Mtoto akiona kikombe, anajua ni cha kunywea. Baba yako naye nimeshamwambia."

"Nimesikia, mama."

Ndani, Bonge alianza kukohoa. Mama alimshika Chiriku mkono, wakasikiliza wote wawili mpaka alipoacha.