Mlafi wa Kiti cha Tisa

Ncha ya mkate ilikuwa imeng'atwa. Hilo peke yake halikumshtua Ghislaine Caudron, maana mjini Amiens hakuna mwanamume anayetoka dukani na mkate mrefu kwapani akaufikisha nyumbani mzima, na mumewe Firmin ndiye bingwa wao. Kilichomkera ni ute.

"Wewe Firmin, siku hizi mkate unautafuna au unaulamba?"

"Leo sijaugusa, mke wangu. Naapa."

"Apa tu. Makombo yamejaa kwenye ndevu."

Hayakuwamo. Ghislaine akaikata ile ncha, ikamnata kidoleni kama kamasi, ikanuka nta kuukuu na panya aliyeoza. Akaitupa, akanawa mikono mara mbili.

Siku ya tatu ikawa jibini. Watu wa Kaskazini mwa Ufaransa wanaipenda maroilles, jibini inayonuka soksi za askari, kwa hiyo nani angeshuku harufu? Firmin aliilaumu jibini, Ghislaine akalilaumu friji. Lakini alipofunua karatasi alikuta kipande kimekwisha kutafunwa, kikatemwa, kikafinyangwa upya kikawa mraba, na uzi wa mate ukaning'inia kutoka kwenye karatasi hadi kidoleni mwake. Alitapika palepale kwenye sinki.

Tangu hapo kila walichopika kilitafunwa kabla yao. Supu iliondolewa kifuniko ikiwa na vipande vyenye alama za meno. Firmin, mtu wa kitambi, alikula na kula na suruali ikazidi kumvuka. Mchana mmoja aliusukuma ubao wa mkate mbali naye.

"Nakula, Ghislaine," alinong'ona, "lakini kuna anayenitangulia. Nikimeza, kinatafunwa tena humu ndani."

Akauchukua mkono wa mkewe akauweka tumboni, na chini ya ngozi ile iliyolegea Ghislaine akahisi, taratibu, bila haraka, kama mzee anayekula peke yake na hana pa kwenda, meno yakisaga. Aliuvuta mkono, akaufuta kwenye aproni, kisha akaona aibu kwa kumwonea kinyaa mume wake wa miaka thelathini na moja.

Mganga aliyemwendea alikuwa Bibi Eudoxie, muuza mboga wa bustani za mtoni, ambaye huwaombea walioungua moto na moto ukatoka mwilini. Alisikiliza huku akifunga vitunguu vya majani.

"Unafanya kazi gani, binti yangu?"

"Natembeza wageni makanisani. Michoro, vioo vya rangi, nakshi."

"Na huko umemlisha nani?"

Ghislaine akakiri. Miaka miwili nyuma, wazee waliokuja ziara kutoka mji wa Maubeuge walikuwa wakimsinzilia mbele ya viti vya watawa katika kanisa moja dogo la kale. Alikuwa amechoka kutaja karne na matao. Akakiinua kibao cha kiti cha tisa, ambacho chini yake imechongwa sura yenye kinywa wazi, akasema: huyu ni Mlafi, ukimtilia tonge, mwaka mzima nyumbani kwako hakutakosekana chakula. Aliitunga papo hapo. Wazee wakaamka, bibi mmoja akatia kipande cha jibini, na tangu siku ile kila kundi lilidai kumlisha.

"Hakuna anayetembeza wageni asiyetia chumvi, bibi."

"Na makombo?"

"Nayakomba jioni kwa leso. Nayatupa nyumbani, pipa la jikoni."

Bibi Eudoxie akaiweka chini kamba ya vitunguu. Huko hawasemi jini, husema shetani, lakini mlafi ni mlafi. "Basi kuna kitu kilikuwa hakina kinywa, wewe ukakipa. Kisha ukakibeba mkobani ukakionyesha meza yako. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu atalitafuna na jembe. Nenda ukakane hadithi mbele ya watu, pale pale. Mumeo hatamaliza wiki mbili."

Kesho yake, mbele ya wageni kumi na wanne, Ghislaine alisimama kando ya kiti cha tisa. "Nilidanganya," alisema. "Hakuna Mlafi. Hadithi niliitunga mimi ili watu wasilale. Hana haki hata ya kombo moja." Wageni wakanung'unika. Ndipo kinywa cha mti kikacheua: uji mweusi ulioganda, wenye jibini, nywele, maganda na meno madogo ya manjano, ukimwagika kwa vishindo juu ya mbao zilizong'arishwa kwa karne tano, na uvundo ule wa nta na panya ukawatoa watu wote mbio hadi barabarani.

Jioni Firmin alikula sahani tatu, akabeua. Ghislaine alilia kwa furaha ya kusikia mbeuo.

Baada ya wiki tatu, Jumamosi, alipita kanisani akasikia vicheko. Basi zima la Wabelgiji lilikuwa limezunguka kiti cha tisa. Kijana aliyewaongoza alikuwa akisimulia hadithi ile ile, neno kwa neno, na kinywa cha mti kilijaa keki hadi pomoni.

"Acheni! Ni uongo, nilitunga mimi!"

Wakampigia makofi. "Anaigiza vizuri huyu mama!" mmoja akasema.

"Umetunga wewe, bibi?" kijana akacheka. "Mbona hata Lille tunaisimulia? Hata kwenye vipeperushi imo."

Ghislaine alikimbia hadi nyumbani. Firmin alikuwa mlangoni, mashavu yamemrudia, ameinua mkate juu kama mtoto aliyeshinda.

"Tazama, mke wangu! Ncha zote mbili. Leo sijauonja!"

Kweli, ganda lilikuwa zima. Ghislaine akacheka kwa kuhema, akauweka kwenye ubao, akaukata katikati. Ndani hamkuwa na kitu. Kuta zilikuwa zimelambwa laini, zenye alama za meno, na ute wa vuguvugu ukachuruzika mezani.

Firmin akaacha kutabasamu. Akajishika tumbo kwa mikono miwili.