Betri ya Nne

Nilifika Karatu saa kumi na moja na dakika tano jioni, kununua betri tatu. Naandika saa kwa sababu nimezirudia mara nyingi kichwani, nikitafuta dakika ambayo ningeweza kufanya vinginevyo.

Ukungu ulikuwa umelala kwetu Mbulumbulu kwa siku ya sita. Taa zetu za sola hazikuwa zimeonja jua. Juzi yake tembo walishuka kutoka msitu wa Ngorongoro wakaingia kwenye mahindi ya jirani yetu. Tochi ilimzimikia mkononi. Sasa amelazwa, nyonga imevunjika. Jioni hiyo ilikuwa zamu ya baba yangu, mzee Bartolomeo, kulinda shamba letu. Ana miaka sitini na minane, goti moja bovu, na tochi ndefu ya bati inayotumia betri tatu kubwa. Mwanga wake unafika msituni. Bila huo, tembo humwoni mpaka umsikie anapumua.

Zuena ana duka la vyakula karibu na stendi. Bidhaa zinazokaribia tarehe ya mwisho huzipanga nje kwenye maboksi na kuzishusha bei. Betri zilikuwa kati ya tambi na sabuni ya unga, nne kwa pakiti. Niligeuza pakiti nikasoma mwezi na mwaka. Nikaomba azipime zote. Alichana nailoni, akazigusisha moja moja kwenye balbu yake ndogo, zote zikawaka, huku akiwaambia wateja kwamba huyu mwanachuo anakagua betri kama anakagua bwana harusi, ndiyo maana mpaka leo yuko kwao. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nilitaka tatu tu, akakataa. Punguzo ni la pakiti nzima, ya nne nitajua mwenyewe pa kuipeleka.

Nikaitia ya nne kwenye mfuko wa koti.

Nje, ng'ambo ya mtaro, alisimama mwanamke. Alikuwa amejifunika shuka hadi kwenye paji la uso. Watu walipita huku na huku, lakini hakuna aliyepita karibu naye. Nilimwamkia. Hakuitikia marahaba.

Aliuliza kwa sauti ndogo kama ninayo betri ya ziada. Moja tu.

“Mtoto wangu haoni njia,” alisema.

Niliitoa. Akarudi nyuma hatua moja.

“Weka chini, binti. Hapo kwenye jiwe.”

Nilijua maana yake. Hilo ndilo linaloniuma. Kwetu Wairaqw, zamani, familia iliyofiwa na mtoto iliingia metimani: ilijitenga miezi mingi, haikushikana mikono na watu wala kupeana nao kitu mkono kwa mkono, mpaka itakaswe. Siku hizi tunazika, tunasali, wiki inayofuata tuko mnadani. Chuoni niliandika insha juu ya desturi hiyo. Nilipata alama sabini na moja.

Lakini kumwekea mama mtu mzima kitu chini, kama unamtupia mbwa? Nilivuka mtaro, nikamshika mkono, nikaiweka betri kiganjani mwake.

Kiganja kilikuwa na udongo. Udongo mbichi, wenye harufu ya shimo lililochimbwa leo.

Hakushukuru. Aliutazama mkono wangu, si uso.

“Sasa anakujua,” alinong'ona. “Usimshike mtu wako.”

Kisha akafunga vidole juu ya betri, akaondoka upande wa ukungu. Hakuharakisha.

Sylvesta, kijana wa bodaboda aliyenileta, alikuwa ameona yote kutoka kwenye pikipiki yake. Nilipopanda, akasogea mbele kwenye kiti.

“Dada, shika chuma cha nyuma. Mimi usinishike.”

Njiani nilimuuliza kama anamfahamu yule mama. Tulipoacha lami ndipo akaniambia kwa vipande, bila kugeuka. Alikuwa wa huko juu, karibu na msitu. Mtoto wake wa miaka mitano alipotea akitumwa kwa bibi yake jioni, akaonekana siku ya tatu korongoni. Mama akajitenga kama wazee walivyotaka, lakini ndugu wa kumtakasa hawakuja. Wengine walihamia mjini, wengine walisema hayo ni ya kipagani. Alikaa peke yake mwaka na zaidi.

“Na sasa anakaa wapi?” niliuliza.

“Sijui dada. Tulimzika mwezi wa pili.”

Chuma cha nyuma kilikuwa baridi, nikakishika kwa mikono miwili.

Tulifika saa kumi na mbili na dakika arobaini. Bado kulikuwa na mwanga kidogo, wa rangi ya majivu. Baba alikuwa ananisubiri ng'ambo ya mfereji wa shamba, tochi kwapani. Nilijinyoosha nikaziweka betri tatu juu ya jiwe la upande wake, nikarudi nyuma.

Alizitazama. Akanitazama mimi.

Aliuliza kama huko chuo kikuu ndivyo wanavyofundishwa kumpa baba kitu. Nilidanganya kwamba mikono yangu ina matope. Akacheka, akasema yeye matope ameyalima tangu kabla sijazaliwa. Akazichukua, akazipachika, akabonyeza. Mwanga ukapasua ukungu hadi kwenye miti. Nilipumua. Nikajiambia yamekwisha: ana mwanga, na sijamgusa.

Kisha akataka kuvuka arudi kuchukua koti alilolisahau juu ya ukingo, upande wangu.

Goti likamwacha.

Sikufikiri. Nani angefikiri? Nilimdaka mkono kabla hajaanguka mferejini, nikamvuta. Mkono wa baba ni mpana, wa moto siku zote. Niliushika ukiwa wa moto.

Nilipouachia ulikuwa wa baridi.

“Asante, mama,” aliniambia, kama anavyoniita tangu utotoni. Akavaa koti, akaingia kwenye mahindi.

Nilisimama ukingoni nikifuata mwanga wake. Ulikwenda ukiyumba kwa sababu ya goti. Mkubwa, mweupe.

Nyuma yake, hatua tatu hivi, ulikuwepo mwingine.

Mdogo. Wa njano. Chini sana, usawa wa kiuno changu.

Nilimwita baba. Taa zote mbili zikasimama. Zote mbili zikanigeukia.

“Nenda nyumbani,” alijibu baba kwa upole. “Hatuko mbali.”

Hatuko.

Tembo hawakuja kwetu usiku ule, wala uliofuata. Majirani walipoteza ekari mbili. Sisi hatukupoteza hata bua. Mama yangu, Evarista, alimshukuru Mungu kanisani mbele ya watu. Nilipomweleza ukweli, alikaa muda mrefu akipepeta maharage yasiyo na takataka. Alisema wa kumtakasa baba ni ukoo wa yule mama, na ukoo wenyewe haupo. Padri amekuja mara mbili. Baba alimkaribisha vizuri, akasali naye, akamchinjia kuku.

Tulivuna Jumamosi iliyopita. Shamba ni tupu, unaona mpaka msituni. Hakuna cha kulinda.

Jana, saa moja kasoro jioni, baba alichukua tochi. Nilisimama mlangoni nikamzibia njia. Amekonda, macho yameingia ndani, lakini alikuwa mtulivu. Nilimwambia mahindi yako ghalani, aende wapi?

“Kumfikisha kwa bibi yake,” alisema. “Ni mbali kidogo leo. Niage, mama.”

Akanyoosha mkono.

Ulikuwa na udongo.

Maisha yangu yote sijawahi kuuacha mkono wa baba ukining'inia hewani. Nilificha yangu nyuma ya mgongo. Alisubiri. Hakukasirika. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeelewa, akanipita kwa ubavu, asiniguse.

Sasa ni saa nne asubuhi. Ukungu umeondoka, jua ni kali. Mama amempikia baba uji, ameumimina kwenye chupa ya chai usipoe kabla hajarudi.