Mstari Usiofutwa

Mapenzi mazito, ndugu msomaji, hayachagui mahali. Haya yalianza Jumatatu kwenye foleni ya fotokopi, watu wamebanana kama nguo kwenye sanduku la bweni.

Binti mwenye gauni la manjano alikuwa akipekua mkoba kwa hasira.

"Dada, unatafuta nini?" aliuliza kijana nyuma yake, aliyevaa shati lililopigwa pasi upande mmoja tu.

"Miwani yangu!"

"Iko kichwani mwako."

Foleni nzima ikacheka. Msiba ukazidi ilipojulikana kwamba binti mwenyewe ni fundi miwani.

Kwenye karatasi alizoshika kulikuwa na ukurasa wa mtandaoni wa duka lake. Kijana, ambaye kazi yake ni kutengeneza tovuti, akaufungua kwenye simu yake.

"Haya maandishi yanasomwa na sisimizi?"

"Aliyaandika baba yangu, Mungu amrehemu. Chunga mdomo."

"Nauchunga. Lakini tagi zake, yaani maagizo yanayoiambia mashine hili liwe jekundu, lile litembee, zimepitwa na wakati. Simu za leo zinazishangaa tu."

Binti akashusha pumzi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi mkaguzi wa shule angeufungua ukurasa huo. Kama wanafunzi wasioona vizuri wasingeweza kuusoma, duka lisingeingia kwenye orodha ya maduka yanayouzia shule miwani, na bila orodha lingefungwa.

"Halifungwi," kijana akasema, kama aliyekula kiapo.

Zikaja wiki tatu za simu, na mapenzi yakaota humo humo.

"Asali, umekula?"

"Nimekula tagi mia mbili na saba. Zimebaki tisini."

"Ukivimbiwa usiniite!"

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya ukaguzi, kijana akaupandisha ukurasa mpya mtandaoni. Dakika tano baadaye simu ikalia.

"Umemfanya nini baba yangu?"

"Kipenzi, ukurasa si umependeza?"

"Umependeza? Picha ziko juu ya maneno, maneno yako juu ya picha! Umenivunjia duka!"

"Mimi nauona umenyooka kabisa."

"Kwa hiyo mimi fundi miwani ndiye kipofu?" Akakata, akaizima simu yake ya vitufe.

Kijana hakukaa kulia. Alivuka mji mzima kwa miguu, akaukuta mlango wa duka umefungwa, akabandika simu yake kwenye kioo. Binti akakodoa macho kutoka ndani. Ukurasa ulikuwa unang'aa, herufi kubwa kama mabango. Akafungua, akamwonyesha kompyuta ya marehemu mezani. Pale ukurasa uleule ulikuwa umepondeka.

"Hii mashine ina umri gani?"

"Miaka kumi na saba. Ndiyo pekee ninayotumia."

"Basi nimempeleka babu wa watu disko! Haielewi lugha ya leo. Kosa ni langu. Niliujaribu kwenye simu kumi na moja, nikaisahau mashine yako."

Hakunyanyuka kitini mpaka saa kumi jioni, ukurasa ulipokaa sawa kwenye simu na kwenye babu. Ijumaa, kijana akiwa tena dukani, mkaguzi akapiga simu: duka limeingia, na yeye ameusoma bila miwani.

"Umepoteza mteja," kijana akanong'ona.

Kisha akafungua maandishi ya ndani ya ukurasa, yale ambayo wateja hawayaoni. Katikati palikuwa na maneno ya baba: *Usiufute mstari huu. Rangi hii ya manjano kaichagua binti yangu, ana miaka sita.*

"Tagi yenyewe nimebadilisha. Rangi na maneno sikugusa."

Binti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Chini ya maneno ya baba palikuwa na mstari mwingine, mpya: *Naomba kuutunza ukurasa huu pamoja na mwenye duka, maisha yangu yote. Nioe?*

"Sogea," akasema. Akavuta kibodi, akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja:

*Nioe. Usiufute mstari huu.*