Bomba Leo, Bomu Kesho

Mchana ule kantini ya uwanja wa ndege ilikuwa imefurika, ila meza moja tu. Abiria walikula wamesimama, wengine wamekalia masanduku yao, na hapakuwa na aliyethubutu kuvuta kiti kwenye meza ya dirishani alikokaa rubani mmoja peke yake. Shati lake lilikuwa jeupe pe, limenyooshwa kwa pasi likanyooka, lakini mistari ya mabegani ilikuwa imeshonwa upya kwa uzi usiofanana. Kifuani alikuwa na nembo ya nchi jirani, ile ambayo serikali yake ilikuwa imerusha mabomu hadi huku miaka si mingi iliyopita.

Televisheni ya ukutani ilionyesha Bunge. Mbunge mmoja alikuwa akitikisa kidole. "Vikwazo viondolewe ili iweje? Hawa ni maadui. Wasiuziwe hata msumari."

Msichana wa ovaroli ya buluu, grisi imemtapakaa hadi kwenye viwiko, aliingia na sahani yake akaangaza huku na huku. Alikuwa fundi wa ndege na tangu alfajiri hakuwa ametia kitu tumboni. Njaa haina adui. Akaketi.

"Unajua umekaa na nani?" rubani akamuuliza.

"Na mtu ambaye hajagusa chakula chake. Kama hukitaki, sogeza huku."

Rubani akacheka, kisha akaziba mdomo kama mtu aliyecheka msibani. "Watu wote wanakutazama."

"Wanatazama hii grisi. Wamezoea mafundi wenye ndevu."

"Mimi sitazami grisi."

"Basi tazama sahani yako, Kapteni. Inapoa."

Ndivyo walivyoanza. Ndege yake ilikuja mara moja kwa wiki, ikileta wagonjwa na watu wenye jamaa upande huu, na ndiyo pekee iliyoruhusiwa kuvuka. Kila ilipotua, Fundi alijikuta amebadilisha kitambaa cha kichwa, akavaa kile chekundu, na wenzake karakanani wakaanza kukohoa vikohozi visivyo na mafua. Walikutana kantini, wakatembea hadi kwenye uzio, wakapeana namba. Fundi alimwita Kapteni. Naye akamwita fundi wangu, na lile "wangu" alilivuta kidogo, kama anayejaribu kiatu kabla ya kukinunua.

Lakini mapenzi yale yalizaliwa pamoja na hofu. Wiki ya tatu Fundi aliinama chini ya tumbo la ndege akaona bomba linalopitisha mafuta ya kushushia magurudumu limeanza kutoka jasho. Alilifuta kwa kidole, likatoka tena. Mkaguzi wa uwanja aliitwa, akalipima, akasema bado liko ndani ya kiwango. Stoo ya akina Fundi ilikuwa na mabomba ya aina ileile, mapya, yamefungwa kwenye nailoni. Ila sheria ya vikwazo iliwaruhusu kuijaza ndege ile mafuta na kuifagia, basi. Kuitia hata skrubu moja ilikuwa jela.

Kila iliporuka, aliacha kazi akaitazama mpaka ikapotea. Alishika simu mkononi mpaka ilipoita.

"Nimefika, fundi wangu. Pumua sasa."

"Napumua. Umekula?"

"Nimekula hofu yako tangu huko. Nimeshiba."

Nyumbani hakuthubutu kusema. Baba yake alikuwa askari mstaafu, mguu wa kulia wa bandia, na redio aliifungulia mjadala wa Bunge kama wengine wanavyofungulia mpira. Jioni moja binti akajitia kuuliza kwa mbali.

"Baba, hata bomba la ndege ya abiria? Kuna watoto mle."

"Bomba leo, bomu kesho," baba akasema. "Nawajua wale, mwanangu. Ukiwapa kidole, mkono huuoni tena."

Fundi akainamisha kichwa akaendelea kukunja nguo.

Siku chache baadaye msimamizi wa karakana alimwita ofisini, akafunga mlango. Alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana maneno yake yaliuma zaidi.

"Dada, watu wa usalama wamekuja. Shirika lile linatafuta bomba kwa njia za panya. Huwatumia vijana wao watanashati kuzoeana na wasichana wa stoo na karakana." Akakohoa. "Ulidhani anakupendea macho?"

Fundi alitoka mle bila kuaga. Akajiambia uongo huo, akaapa uongo huo. Jioni simu ikaita.

"Fundi wangu, kuna jambo nataka kukuomba. Ni zito kidogo."

"Ni bomba?"

Rubani akashusha sauti. "Umejuaje?"

Akakata. Simu ikaita tena, akaizima. Usingizi haukuja, na asubuhi alikifunga kile kitambaa chekundu kwenye mfuko akakitia chini ya kitanda.

Ndege ilipokuja tena, alijificha nyuma ya trekta la mizigo. Alimwona Rubani amesimama mlangoni pa karakana, kofia mkononi, akiuliza, na wenzake wakitikisa vichwa. Alimwona akirudi ndegeni taratibu. Abiria wakapanda, injini zikanguruma, ndege ikapaa. Fundi akajiambia hamjali. Akaitazama vilevile mpaka ikapotea.

Haikupita muda, redio ya mkononi ya msimamizi ikakwaruza. Mafuta ya kushushia magurudumu yalikuwa yanakwisha. Kisha ikaingia sauti nyingine, ya wakubwa wa shirika, kavu kama amri ya jeshi. "Endelea nyumbani. Usitue kwa adui."

Na sauti anayoijua ikajibu, imetulia mno. "Nina wagonjwa. Narudi."

Magari ya zimamoto yalijipanga. Fundi alisimama pembeni ya njia, mikono imeshika ovaroli yake mwenyewe. Ndege ilitokea upande wa milimani, chini chini. Gurudumu la mbele limeshuka. La kulia limeshuka. La kushoto limening'inia nusu, kama mkono uliovunjika. Msimamizi alikuwa akisali kwa sauti. Fundi hakuweza hata kusali. Alikuwa anaona bomba jipya ndani ya nailoni yake, juu ya rafu, karibu na alipoegemeza mwavuli wake asubuhi.

Ndege ikagusa ardhi, ikakimbia wima kidogo, halafu ikalala. Bawa likakwangua lami, cheche zikaruka, mlio ukapasua masikio. Ikajizungusha, ikasimama. Povu likamwagwa. Milango ikafunguka, watu wakaanza kuteleza chini wakilia.

Rubani alitoka wa mwisho. Shati lilikuwa limeng'oka vifungo. Alipomwona Fundi, alisimama.

"Ile simu," akasema. "Waliniamuru nikuombe bomba. Mimi nilitaka kukuomba ukatae. Nilijua watamtuma mwingine aje akulilie, na siku ukilitoa utafungwa. Nilitaka uniahidi hutalitoa, hata kwa ajili yangu."

"Na ndege ingeanguka?"

"Hilo lingekuwa langu."

Fundi akampiga kifuani ngumi mbili zisizo na nguvu, kisha akaegemea palepale alipopapiga. "Mjinga wewe," akasema. "Mjinga mkubwa."

Kesho yake nchi jirani ilimtangaza Rubani msaliti. Bungeni ndege ile iliparuliwa na pande zote mbili. Huyu alisema, mnaona, vikwazo vinaua wagonjwa. Yule alisema, wao wana fedha za makombora, wanakosaje za mabomba, kwani huku ndiko pekee yanakouzwa? Rubani alipewa kibali cha kukaa, akapanga chumba karibu na uwanja. Hakulala vizuri. Mama yake alikuwa amebaki peke yake kule, na namba yake haikupatikana.

"Sina kazi, sina nchi, na mama sijui yuko wapi," alimwambia Fundi. "Nitakuoaje?"

"Nimekuuliza una nini? Njoo kwanza umwone baba."

"Atanila nyama."

"Hana meno yote. Njoo."

Alikwenda alasiri ya siku ya kura ya vikwazo. Redio ilikuwa mezani, wabunge wakipiga kura jina kwa jina.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Baba yako bado." Mzee akagonga mguu wa bandia kwa kidole. "Hii ni kazi ya serikali yako."

"Najua. Kaburi la kaka yangu pia ni kazi yao."

Mzee akamgeukia. "Basi wewe unasemaje? Viondolewe au vibaki?"

"Vikibaki, mama yangu hapati dawa. Vikiondolewa, waliomuua kaka yangu watanenepa. Nikilala nafikiri hivi, nikiamka nafikiri vile. Sijui, mzee wangu."

Mzee alifungua kinywa ajibu, simu ya Rubani ikaita. Kwa haraka ya kupokea akagusa kitufe cha kipaza sauti. Sauti ya mwanamke ikajaa sebuleni.

"Msaliti we! Umetuaibisha. Wewe si mwanangu, unasikia? Kifaranga mkubwa wewe. Usirudi hapa. Nasema usirudi kabisa, kifaranga." Nyuma yake alisikika mwanamume akikohoa. Simu ikakatika.

Fundi akajishika mdomo. Rubani alikuwa analia, lakini uso wake ulikuwa umefunguka.

"Kifaranga ananiita yeye tu," akasema. "Nilipokuwa mdogo, nikiwa na homa, alinifunika kwa khanga yake, akaniita hivyo mpaka nilale. Wamemsimamia aniapize. Ameniambia nisirudi, na yu hai."

Redioni Spika alitaka utulivu ili asome matokeo. Mzee alikuwa hajaondoa macho kwenye ile simu. Alijua mtu anavyosema akiwa amesimamiwa. Aliwahi kuwa mateka.

"Mamamkwe wako ana ulimi," akamwambia binti yake.

Fundi alilisikia neno lile, akaogopa kupumua lisije likarudi lilikotoka. Rubani alikuwa ameshaanza kupiga namba ile upya. Haikuita. Akapiga tena, haikuita. Akaiweka simu juu ya meza, Fundi akamshika mkono, na mzee akanyoosha mkono wake akazima redio, kabla Spika hajasema vikwazo vimeondolewa au vimebaki, ili simu ikiita waisikie.