Kipupwe cha Mourine

Kila asubuhi ya mwezi wa Julai, Mourine alitoka bwenini akiwa amejifunga kama mzigo wa kwenda mbali. Ndani alivaa fulana, juu ya fulana sweta, juu ya sweta jaketi lenye kofia. Shingoni alizungusha leso ya mama yake, ambayo bado ilinuka kidogo omena, wale dagaa wa ziwani, ingawa ilikuwa imefuliwa na kuanikwa mara nyingi. Kofia ya jaketi aliivuta mpaka ikafika kwenye nyusi. Kilichobaki wazi ni pua na macho, na macho yenyewe yalikuwa kwenye simu.

Hivyo ndivyo alivyovuka uwanja wa chuo cha ualimu, kutoka bwenini mpaka kwenye bwalo la chakula. Miguu yake iliijua njia. Akisikia harufu ya uji wa wimbi, alijua amefika.

"Mtu wa ziwa," Nyanchoka, mwenzake wa chumbani, alimwambia asubuhi moja. "Siku moja utagongana na ng'ombe wa chuo, umwombe msamaha ukidhani ni mkuu wa chuo."

"Afadhali ng'ombe," Mourine akajibu. "Angalau ana joto."

Nyanchoka alizaliwa Kisii, na baridi kwake haikuwa habari. Mourine alikuwa ametoka kando ya ziwa, karibu na Homa Bay, mahali ambapo watu hulala dirisha likiwa wazi na Julai ni mwezi kama mwezi mwingine. Huku Kehancha, kwenye vilima, ukungu ulishuka usiku ukalala juu ya mashamba ya mahindi na tumbaku, na asubuhi haukuwa na haraka ya kuondoka.

Wiki hiyo wanachuo wa mwaka wa pili walikuwa wakipimwa. Karibu na chuo kulikuwa na shule ya msingi, imetenganishwa nacho kwa ua wa waya na lango dogo. Kila mwanachuo alitakiwa asimame mbele ya Gredi ya Sita, bila karatasi mkononi, awasimulie watoto jambo moja: mambo anayoyaona akipita chuoni wakati wa kipupwe. Atakayesimulia vizuri angepewa darasa la kufundisha mpaka muhula uishe. Atakayeshindwa angengoja mwaka ujao, wenzake wakitangulia.

Mourine hakutaka kungoja. Mama yake, Monicah, aliuza omena sokoni Homa Bay, na alikuwa amekwisha kuwatangazia akina mama wa mstari wake wote kwamba binti yake ataitwa mwalimu kabla ya Agosti.

"Usinirudie hapa ukiwa bado mwanafunzi, nyathina, mwanangu," alimwambia kwenye simu akicheka. Mourine alicheka pia, lakini baada ya kukata simu alihesabu siku zilizobaki mpaka Agosti.

Jioni kabla ya zamu yake, alimwuliza Nyanchoka, "Kipupwe ni nini hasa?"

"Si ndiyo winta, ile ya Wazungu."

Mourine alikumbuka chati iliyokuwa ukutani alipokuwa shule ya msingi. Chini ya neno "kipupwe" palichorwa nyumba yenye paa jeupe na mtoto wa Kizungu aliyevaa glavu nyekundu.

"Basi huku hakuna kipupwe," alisema. "Huku kuna baridi tu."

Akaiuliza simu. Simu haikukawia. Ilimletea habari za msichana wa chuo fulani cha mbali, akitembea kwenye theluji, na bwawa lililoganda, na vijana wakiteleza juu yake. Mourine akaziweka habari hizo katika Kiswahili kizuri, akazirudia mpaka zikakaa kichwani.

Kesho yake alisimama mbele ya Gredi ya Sita.

"Nikitoka bwenini," alianza, "theluji huwa imefunika njia, nyeupe kama pamba. Nikikanyaga, inalia chini ya viatu. Bwawa la chuo huwa limeganda, gumu kama sakafu, na vijana wanateleza juu yake wakishikana mikono."

Watoto walitulia. Mmoja alisahau kufunga mdomo. Mwalimu wa Kiswahili chuoni, Madam Filister, alikaa dawati la nyuma akiwa amefumbata mikono.

Kipindi kilipokwisha, alimwambia, "Kiswahili chako ni kizuri, Mourine. Njoo ofisini kesho kabla ya kipindi cha kwanza tuongee. Habari ya darasa nitakwambia hapo." Akaenda zake.

Mourine alikuwa amefika kwenye lango dogo aliposikia viatu vikimfuata. Alikuwa msichana mwembamba wa darasa lile, ameshika mtungi wa manjano.

"Mwalimu, mimi naitwa Rael. Lile bwawa ulilosema ni hili letu?"

Neno "mwalimu" lilimwingia Mourine vizuri sana. "Ndilo," alisema.

"Lakini mimi huchota maji hapo kila jioni. Sijaona likiwa gumu."

Mourine angeweza kusema kweli hapo. Ilikuwa rahisi, na hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia. Badala yake alisema, "Huganda alfajiri. Jua likitoka linayeyuka. Nyinyi mnakuja likiwa limeshayeyuka."

"Na mtu anaweza kupita juu?"

"Anaweza."

Rael aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeweka kitu mfukoni, akaenda. Mourine aliondoka akijisikia vizuri kwa jinsi jibu lilivyomjia upesi.

Usiku ule umeme ulipotea, simu ikazima. Asubuhi Mourine alivaa nguo zake zote kama kawaida, akatoka, na macho yake yakakosa kazi. Akaanza kutazama.

Bawabu wa chuo, Mzee Ratemo, alikuwa amekishika kikombe cha chai kwa mikono miwili bila kunywa, kana kwamba chai ilikuwa ya kushika tu. Nje ya lango, vijana wa bodaboda walikuwa wamevaa makoti yao kinyume, vifungo mgongoni, ili upepo usiwaingie kifuani. Kwenye waya za ua, buibui walikuwa wametanda, na kila uzi ulibeba umande. Ng'ombe wa chuo walikuwa wamesimama, na pale walipolala usiku nyasi zilikuwa kavu, zikitoa mvuke. Moshi wa mabanda ya kukaushia tumbaku haukupanda juu. Ulitambaa chini, ukavuka barabara kama mtu anayekwenda sokoni. Mourine alipita hapa kila siku tangu muhula uanze mwezi wa Mei, na haya yote yalikuwa mageni kwake.

Kisha akatazama chini bondeni, kwenye bwawa.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, mweupe na bapa. Ukiutazama kwa mbali ungedhani unaweza kutandika mkeka juu yake. Ukingoni walisimama watoto wawili wenye sweta za shule, mkubwa na mdogo wameshikana mikono, na kando yao mtungi wa manjano. Yule mkubwa alikuwa amenyoosha mguu mmoja mbele, anapapasa.

Mourine alikimbia. Aliita jina la Rael, lakini kofia, leso na baridi vilimeza sauti. Alipofika nusu ya mteremko, Rael aliuachia mkono wa mdogo wake akakanyaga ule weupe. Akazama mpaka kifuani.

Mdogo wake alikuwa bado ameshika kikuku cha Rael kilichomchomoka mkononi. Hakulia. Alikuwa ametoa macho tu.

Mtu mwingine angejitupa ndani. Lakini Mourine alikulia kando ya maji, na tope la ukingoni alilijua. Alilala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, akafungua leso shingoni, akamrushia ncha moja.

"Zungusha mkononi. Sasa lala juu ya maji kama unayeogelea. Usipige mateke, tope linazidi kukushika. Tulia, nakuvuta."

Tope lilikataa, likakataa tena, halafu likaachia kwa mlio kama wa mtu anayenyonya muwa. Rael alitoka akitetemeka, meno yakigongana. Alitazama miguu yake.

"Kiatu kimebaki," alisema. Kisha akamwinulia Mourine uso. "Mwalimu, tumechelewa? Limeshayeyuka?"

Mourine alivua jaketi, akavua na sweta, akamvika. Akambeba mpaka jikoni kwenye bwalo, mdogo mtu akifuata nyuma na mtungi mtupu. Mpishi aliwakalisha karibu na meko, akawapa uji bila kuuliza.

Baada ya kikombe cha kwanza, Rael alisema, "Mama nitamwambia niliteleza nikichota maji. Hatajua. Atanigombeza kidogo tu."

Mourine alitazama leso iliyoloa mikononi mwake. Hakuna aliyeona. Watoto wangenyamaza, na Madam Filister alikuwa akimngojea na habari ya darasa. Aliikamua leso, akaikunja.

"Usimwambie hivyo," alisema. "Ngojeni hapa mpate uji wa pili. Mimi naenda kuongea na mtu."

Alimkuta Madam Filister anafungua dirisha la ofisi. Mourine alisimama mlangoni, sketi ikidondosha maji sakafuni, akamweleza yote: chati ya zamani, simu, swali la Rael langoni, na jibu alilompa. Akamalizia na kiatu kilichobaki kwenye tope.

Madam Filister aliketi. "Kwamba theluji hukuiona, nilijua jana," alisema. "Nilikuita ili nikuulize uliiazima wapi. Sikujua kwamba umemwambia mtoto anaweza kupita juu ya bwawa."

"Darasa nimelikosa, Madam?"

"Hilo baadaye. Nyumbani kwao Rael ni wapi?"

Walikwenda pamoja, wawili hao na watoto. Mama yake Rael alikuwa uani akifunga majani ya tumbaku kwenye vijiti. Mourine alisema mwenyewe, bila kusaidiwa. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono imesimama juu ya majani. Akamvuta Rael, akamgusa kichwa, kifua na mgongo, kama anayepapasa mahindi kuona kama yamekauka.

"Mimi humwambia huyu kila siku amsikilize mwalimu," alisema hatimaye. "Sasa nimwambie nini?"

Akatazama miguu ya Rael.

"Na kiatu?" aliuliza.

"Nitakitafuta leo, Mama," Mourine alisema. Na jioni hiyo alikitafuta kwa mti mrefu, akapekua tope mpaka akakipata, akakiosha, akakileta kikiwa bado kinadondoka.

Lakini kabla ya jioni hiyo, saa za mchana, alisimama tena mbele ya Gredi ya Sita. Rael alikaa mbele, amevaa sweta ya Mourine iliyomfika magotini.

"Jana niliwadanganya," Mourine alisema. "Bwawa letu haligandi, alfajiri wala saa nyingine. Theluji sijaiona maishani mwangu. Barafu niliyoiona mimi ni ile ya kuwekea samaki kule Homa Bay. Rael aliniamini, akaingia majini leo asubuhi, na kosa si lake."

Mvulana wa nyuma akauliza, "Sasa wewe huona nini ukipita?"

Akawaambia juu ya kikombe cha Mzee Ratemo, makoti ya bodaboda, buibui, nyasi kavu za ng'ombe na moshi wa tumbaku usiotaka kupanda.

"Ni kweli, Ratemo hushika kikombe hivyo," mmoja akasema. "Mpaka chai inapoa, halafu anamwaga."

"Hata mjomba wangu huvaa koti kinyume. Siku moja alisahau, akaingia nalo kanisani."

Walicheka. Mikono ikaanza kuinuka. Mmoja alikuwa ameona kuku wamelala juu ya jivu la jikoni, mwingine alimwona nyanya yake akipasha mawe moto aweke miguuni. Ikawa Mourine ndiye anayesikiliza.

Mwishoni Madam Filister alikuja mbele, akaegemea meza.

"Kipupwe ni hiki hiki mnachovalia sweta," alisema. "Hakihitaji theluji ili kiwe kipupwe." Kisha akamgeukia Mourine, na sauti yake haikuwa kali. "Mwalimu akisema jambo, mtoto hataenda kulipima kwa mtu mwingine. Atalipima kwa mguu wake. Kwa hiyo lile uliloliona, sema umeliona. Lile ulilolisikia, sema umelisikia. Na lile usilolijua, sema hulijui. Hakuna mtoto atakayezama kwa sababu mwalimu wake alisema hajui."

Akabeba mkoba wake. "Darasa ni lako mpaka muhula uishe. Ukilala ukasahau habari ya leo, nitalichukua."

Mourine alilichukua darasa. Asubuhi alivuka uwanja akiwa bado amejifunga nguo zake zote, ila kofia aliiteremsha begani na simu ikabaki mfukoni. Gredi ya Sita haikumwamini mara moja. Kila alipowasimulia jambo, mkono wa Rael uliinuka.

"Mwalimu, uliliona mwenyewe?"

"Nililiona," Mourine alijibu kila mara, na Rael alishusha mkono.

Siku moja walikuwa wakisoma habari za milima yenye theluji, na mkono ukainuka kama kawaida.

"Hii sijaiona, Rael," Mourine akasema. "Nimeisoma tu."

Rael alimtazama. Akashusha mkono, akafungua kitabu chake kwenye ukurasa uleule.