Mchezo wa Pili wa Asteria

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya mwisho ikishalia, Asteria hakusimama kupiga soga na mtu. Alikimbilia ukumbi wa ndondi wa Kalangalala, mjini Geita, akafunga bendeji mikononi na kuanza kutwanga gunia la mchanga. Alikuwa darasa la sita, tena mwembamba, lakini ngumi yake ya kushoto ilikuwa na sifa mtaa mzima. Wavulana waliomtania mwanzoni walikuwa wameufyata.

Alhamisi moja, Kocha Kalisti alimuuliza swali ambalo hakulitarajia.

"Asteria, mtu akikukumbatia na kukubana mikono yote miwili, utampiga na nini?"

"Mwamuzi atatuachanisha, kocha."

"Ulingoni, sawa. Na nje ya ulingo?"

Asteria alijibana mikono kifuani, akajaribu kuichomoa. Kocha akacheka.

"Ndondi inajua mikono tu. Tafuta mchezo wa pili ukufundishe usichokijua. Chagua mwenyewe. Ila usisahau, mashindano ya Shinyanga ni baada ya wiki nne, na ninakutegemea."

Swali lile lilimwasha kama upupu. Akamburuta rafiki yake Wema kwenda kutazama karate. Ilimpendeza, lakini nayo ilikuwa ya kupiga, na kupiga alikwisha kujua. Wakaenda taekwondo, mchezo wa mateke. Asteria alirusha teke moja la juu, akaangukia makalio pu! Wema alicheka hadi machozi yakamtoka. Asteria mwenyewe hakucheka. Alibaki ameketi pale chini akiwaza. Mbona miaka miwili yote ya ndondi hakuna aliyewahi kumfundisha kuanguka?

Jumamosi iliyofuata wakafika kwa Mwalimu Rhoda, aliyefundisha judo katika ukumbi wa shule. Ajabu ni kwamba saa nzima ya kwanza ilikuwa ya kujifunza kuanguka: kwa ubavu, kwa mgongo, kwa kujiviringisha. Asteria aliuliza maswali mpaka mwalimu akamwambia apumue kwanza. Kisha wakafundishwa kumbana mwenzako chini kwenye godoro asiinuke.

"Ukizidiwa, piga godoro mara mbili," alisema Mwalimu Rhoda. "Mwenzako atakuachia papo hapo."

Wema, ambaye hajawahi kupiga hata mbu, alimbana Asteria barabara. Mkono wa kushoto wa Asteria ukanasa chini ya mgongo wake mwenyewe. Ulianza kuuma, lakini apige godoro? Bingwa wa Kalangalala ajitangaze kuwa ameshindwa, tena na Wema? Akajipinda kwa nguvu zote ajinasue. Kiwiko kikalia ko!

"Umeumia?" mwalimu aliuliza.

"Hapana, mwalimu."

Jumanne na Alhamisi alipiga gunia huku ameuma meno. Kocha alipoona ngumi ya kushoto imelegea, Asteria alimwambia kwamba aliulalia mkono vibaya. Alikuwa na hofu moja tu, ya kuachwa safari ya Shinyanga.

Jumapili baba yake, Mzee Ndaki, alirudi nyumbani kutoka Nyarugusu anakochimba dhahabu. Asteria alipiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pokea michembe hii, kamsaidie mama yako kuipika."

Baba alimnyooshea kikapu kilichojaa viazi vikavu. Asteria akakipokea kwa mkono wa kulia peke yake.

"We Asteria! Tangu lini kwetu mtoto anapokea kitu kwa mkono mmoja?"

Asteria alijaribu kuinua mkono wa kushoto. Badala yake yalishuka machozi. Akakiweka kikapu chini, akaeleza yote, godoro, Wema na uongo aliomwambia kocha.

Baba hakufoka. Alivuta kigoda akaketi.

"Mimi hushuka kwenye duara kwa kamba," alisema. Wachimbaji huliita hivyo shimo lao la dhahabu. "Unajua hewa ikiwa nzito kule chini ninafanya nini?"

"Sijui, baba."

"Ninaitikisa kamba mara mbili. Walio juu hawaulizi wala hawacheki. Wanavuta. Nimemjua mtu mmoja tu aliyeona aibu kuitikisa. Tulimzika."

Asteria akamsogezea baba mkono wa kushoto autazame.

Kesho yake wakaenda zahanati. Daktari alikipapasa kiwiko, akasema mfupa ni mzima ila mishipa imevutika, apumzike wiki tatu.

"Ungekuja siku ileile, siku kumi zingetosha," alisema. "Umejiongezea mwenyewe kwa kupiga ngumi juu ya jeraha."

Asteria alihesabu kwa vidole. Wiki tatu zilivuka siku ya mashindano. Hata hivyo alikwenda mwenyewe kumwambia Kocha Kalisti ukweli. Kocha alisikitika waziwazi, akaandika jina la mtoto mwingine. Siku wenzake walipopanda basi la Shinyanga, Asteria alijifungia chumbani akalia kwa kwikwi. Hakuna aliyemkataza.

Kiwiko kilipopona, alirudi ukumbini.

"Haya, umechagua mchezo gani?" kocha alimuuliza.

"Judo, kocha."

"Judo hiyohiyo iliyokuumiza?"

"Haikuniumiza judo. Mwalimu alinionyesha mlango wa kutokea, mimi nikakataa kupita."

Kocha Kalisti akamkalisha kando yake.

"Kosa lingine ni langu," alisema. "Nimewafundisha kuvumilia maumivu, sikuwafundisha kuyasema. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kusema 'nimeumia' si kushindwa, mwanangu. Mashindano yatakuja mengine. Kiwiko cha kushoto unacho kimoja tu."